Kabla hujalipia mafunzo ya uongozi: mambo ya kuandaa ili faida yake ipimike

Aprili inapoingia na Bunge la bajeti kuanza vikao vyake Dodoma, kumbi za mikutano za jiji hili hujaa. Sehemu ya wanaozijaza ni washiriki wa mafunzo ya uongozi: wakuu wa idara, waganga wafawidhi, mameneja wa SACCOS, wasimamizi wa zamu viwandani. Taasisi nyingi zinakimbizana na tarehe 30 Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, na hakuna anayetaka fungu la mafunzo libaki. Mada zinatolewa, picha ya pamoja inapigwa, vyeti vinagawiwa. Kisha siku moja mkurugenzi anauliza, au mkaguzi anauliza kabla yake: fedha ile imetuletea nini? Hapo ndipo afisa utumishi anaanza kusaka takwimu ambazo hazikuwahi kukusanywa.

Swali hilo lina jibu, ila karibu kazi yote ya kulipata inafanyika kabla mshiriki wa kwanza hajaingia ukumbini. Nawaandikia wenzangu wanaopanga mafunzo haya, serikalini na kwenye kampuni, kwa sababu naamini uongozi unafundishika, na inaniuma kuona fungu lake likiwa la kwanza kukatwa kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha lilichofanya.

Tatizo kwanza, mwezeshaji baadaye

Kabla ya kumpigia mwezeshaji simu, andika kwa sentensi moja kitu kinachoiumiza taasisi, ambacho msimamizi aliyeiva angekipunguza. "Kuwajengea viongozi uwezo" hakupimiki. "Majalada yanalala kwa wakuu wa vitengo zaidi ya wiki mbili" kunapimika. "Wauguzi wa wodi ileile wanaomba uhamisho mmoja baada ya mwingine" kunapimika. Ukiikosa sentensi ya namna hiyo, huenda unachohitaji si mafunzo. Watumishi waliokata tamaa kwa sababu ya malimbikizo ya madai yao hawatainuliwa na semina ya siku tatu aliyohudhuria bosi wao. Wanahitaji kulipwa, na ni vizuri hilo lisemwe mapema kuliko kumbebesha mwezeshaji mzigo usio wake.

Jua pia unataka kupima kina gani. Kuanzia mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alichapisha makala zilizogawa tathmini ya mafunzo katika ngazi nne: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, wamebadili nini kazini, na taasisi imepata matokeo gani. Baadaye Jack Phillips akaongeza ya tano, yaani kuligeuza tokeo kuwa fedha na kulilinganisha na gharama. Wengi wetu tunaishia ngazi ya kwanza. Fomu ya siku ya mwisho inajazwa Ijumaa alasiri, karatasi ya kusainia posho ikiwa meza ya pili na mtu wa Singida akiwaza basi lake. Kila kisanduku kinapata "nzuri sana". Fomu ile ina kazi yake, ikiwemo kukuambia kama vipaza sauti vilisikika na kama mwezeshaji alieleweka. Kuhusu faida haikuambii kitu.

Si kila mafunzo yastahili kufikishwa ngazi ya tano. Semina ya nusu siku kuhusu maadili ya kazi ipime kwa wepesi. Hesabu kamili iwekee programu yenye gharama kubwa, inayogusa watu wengi, au ile ambayo uongozi wa juu unaiangalia kwa karibu. Kupima nako kunakula fedha na muda.

Takwimu za kabla

Hapa ndipo ningependa ukae kuliko sehemu nyingine yoyote. Mfanyabiashara anayenenepesha ng'ombe humpima siku anayomwingiza zizini. Asipofanya hivyo, hata mizani ya mnadani haitamwambia chakula chake kiliongeza kilo ngapi. Mafunzo nayo ni hivyohivyo: usipokuwa na namba za angalau miezi mitatu kabla, za baada hazina cha kusimama nacho.

Chukua kiwanda cha kukamua alizeti, kama vilivyo vingi ukanda wa Singida na Dodoma. Wasimamizi wa zamu wanapelekwa mafunzoni kwa sababu mashine zinasimama mno. Kiwandani kuna daftari la zamu lenye safu za tarehe, saa mashine ilipozimwa, saa ilipowashwa na sababu. Ukilifungua utakuta safu ya sababu ama iko wazi, ama imeandikwa "hitilafu" kutoka juu hadi chini ya ukurasa. Kwa daftari hilo huwezi kupima uongozi. Kabla ya mafunzo, sababu zitenganishwe: umeme, upungufu wa mbegu, ubovu wa mashine, na watu. Saa ya "watu" ni ile ambayo zamu ya asubuhi ilipoteza kwa kuwa ya usiku iliondoka bila kusema chujio limeziba, au fundi alikaa akisubiri ruhusa ya msimamizi aliyezima simu. Hizo ndizo saa ambazo mafunzo ya uongozi yanaweza kuzirudisha. Za umeme hayaziwezi, na ukizijumlisha humo utayasifu mafunzo mwezi ambao umeme haukukatika na kuyalaumu mwezi uliokatika.

Msimu nao utazame. Namba za Februari, mbegu zikiwa zimepungua, hazilinganishwi na za Julai wakati magunia yamejaa hadi uani. Linganisha mwezi na mwezi wake wa mwaka uliopita. Bora zaidi, weka kundi la kulinganishia. Kama una matawi manane kutoka Kondoa hadi Mpwapwa, peleka wasimamizi wa manne kwanza, wengine wasubiri awamu ya pili, kisha uangalie tofauti. Watakaosubiri wataelewa wakielezwa mapema, na utakuwa umejibu swali gumu kuliko yote: je, mabadiliko haya yameletwa na mafunzo, au yangekuja tu?

Kwa upande wa tabia, waulize walio chini ya msimamizi, na uwaulize vitendo badala ya maoni. "Je, bosi wako ni kiongozi mzuri?" litajibiwa ndiyo na kila mwenye familia ya kulisha. Uliza: mwezi uliopita, ni mara ngapi msimamizi wako alikaa nawe kuzungumzia kazi yako? Ulipoleta tatizo, ulijibiwa baada ya siku ngapi? Karatasi zisiwe na majina na zisikusanywe na katibu muhtasi wa bosi huyohuyo. Maswali hayohayo yarudiwe baada ya miezi mitatu hadi sita.

Gharama zote, hata zisizo na risiti

Ada ya mwezeshaji, ukumbi, chakula, nauli na posho ya kujikimu kila mtu huvihesabu. Kinachosahaulika ni mishahara ya siku ambazo washiriki hawakuwa kazini, muda wa walioandaa, ufuatiliaji wa baadaye, na gharama ya kupima kwenyewe. Tena bei ya Dodoma hubadilika na kalenda: wakati wa vikao vya Bunge vyumba huadimika na bei hupanda. Programu ileile ikifanyika nje ya vikao hivyo inaweza kukugharimu kidogo, na wakuu wanaotakiwa kuifungua hawatakuwa wamekaa bungeni kusubiri maswali ya wabunge.

Turudi kiwandani kwa mfano wa hesabu, namba zikiwa za kufundishia tu. Wasimamizi 12, siku 4. Mwezeshaji shilingi 4,800,000. Ukumbi na chakula 2,160,000. Nauli na posho 1,800,000. Mishahara ya siku hizo, kwa shilingi 30,000 kwa mtu kwa siku, 1,440,000. Vitabu na tathmini 600,000. Ufuatiliaji 1,200,000. Jumla ni shilingi 12,000,000.

Saa za "watu" zilikuwa 38 kwa mwezi, sasa ni 22. Zimeokolewa 16. Mhasibu anasema saa moja ya mashine, ukishatoa mbegu na umeme, inaacha shilingi 150,000. Kwa mwezi ni 2,400,000, kwa mwaka 28,800,000. Kanuni ni nyepesi: faida toa gharama, gawa kwa gharama, zidisha kwa 100. Unapata asilimia 140, na kishawishi cha kuipeleka namba hiyo moja kwa moja kwenye kikao cha bodi ni kikubwa.

Usiipeleke bado. Waulize wasimamizi na meneja wao: katika nafuu hii, ni sehemu gani imetokana na mafunzo, na mna uhakika kiasi gani? Tuseme wanajibu asilimia 60, kwa uhakika wa asilimia 80. Phillips anafundisha kuzidisha vyote viwili, ili shaka ya mtu ipunguze dai lake. Inabaki asilimia 48, yaani shilingi 13,824,000. Faida juu ya gharama sasa ni asilimia 15.2.

Na kiwanda cha alizeti hakikamui mwaka mzima. Kikikamua miezi 10, faida inayohusishwa na mafunzo ni shilingi 11,520,000, chini ya gharama kwa shilingi 480,000. Umefika asilimia hasi 4 kwa mafunzo yaleyale, kwa daftari lilelile. Hiyo ndiyo sababu nasema kanuni hizi ziandikwe na kusainiwa kabla: miezi mingapi itahesabiwa, nani atatoa thamani ya saa, nani atakadiria mchango wa mafunzo. Zikiamuliwa baadaye, kila mtu atachagua inayompendeza. Thamani ya saa itoke kwa mhasibu, isitoke kwa anayetetea mafunzo.

Pasipo na mauzo

Halmashauri haina faida ya kugawa, na kituo cha afya hakipimi uongozi kwa shilingi. Bado kuna cha kuhesabu: siku ambazo barua ya mwananchi inakaa bila jibu, utoro, dawa zilizoisha kwa kuwa maombi yalichelewa kutumwa, hoja za ukaguzi zinazojirudia kila mwaka. PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa fomu za OPRAS, tayari unabeba malengo na utekelezaji wa kila mtumishi; sehemu ya takwimu zako za kabla huenda imo humo. Kinachogeuka kuwa fedha bila kulazimishwa, kigeuze. Kisichogeuka, kama heshima iliyorudi kati ya mganga mfawidhi na wauguzi wake, kiripoti kwa maneno na kwa mifano, pembeni ya hesabu. Kukipachika bei ya kubuni kunaharibu hata namba zako nzuri.

Bosi wa mshiriki, na barua ya uhamisho

Kabla ya safari, mshiriki na bosi wake wakae nusu saa, wakubaliane jambo moja litakalofanyika tofauti akirudi, na waliandike. Msimamizi anayejifunza kukasimu madaraka kisha akarudi kwa mkuu anayetaka kusaini hata ombi la karatasi za printa, hatabadili kitu, na hesabu yako itamwandika kama mafunzo yaliyoshindwa.

Uhamisho unahitaji kufikiriwa mapema, hasa serikalini. Aliyefundishwa Machi anaweza kuwa Katavi ifikapo Agosti. Waulize wahusika ni nani anatarajiwa kuhama au kustaafu ndani ya mwaka, na upange orodha kwa kulijua hilo. Atakayehama hata hivyo, weka namba yake ya simu na ya bosi wake mpya. Faida aliyoibeba haijapotea kwa nchi ingawa imepotea kwa ofisi yako, na ripoti iseme hivyo waziwazi badala ya kumfuta kwenye orodha.

La mwisho kabla ya kusaini malipo: muulize mkurugenzi atafanya nini namba ikitoka hasi 4. Kama jibu ni kufuta programu, watu wako watajua, na madaftari yataanza kujazwa vizuri kupita kiasi. Kama jibu ni kuangalia ni wasimamizi gani saa zao zimepungua, wapi hazikupungua, na mabosi wao walifanya nini, liingize kwenye muhtasari wa kikao, na tarehe ya kusoma ripoti iwekwe siku hiyohiyo, miezi sita mbele, jina la atakayeisoma likiwa limeandikwa.