Kutafuta kiwango cha zamani cha kubadilisha fedha bila kuingia mtegoni

Kabla hujafungua jedwali lolote, amua hesabu yenyewe ni ya nini. Malipo ya mara moja yanataka kiwango cha siku yalipofanyika. Mapato yaliyoingia kidogo kidogo mwaka mzima yanataka wastani, na wa kila mwezi ni bora kuliko wa mwaka. Deni au salio la Desemba 31 linataka kiwango cha siku hiyohiyo.

Wengi huona tofauti hiyo kuwa ndogo. Tazama pauni ya Uingereza: tangu Septemba 1949 ilikuwa dola 2.80, kisha Jumamosi ya Novemba 18, 1967 serikali ikaishusha hadi 2.40. Ukitafuta wastani wa 1967 unapata karibu 2.75. Soko wakati ule liliruhusiwa kucheza asilimia moja tu juu au chini ya kiwango rasmi, kwa hiyo 2.75 ni bei ambayo hakuna aliyeuziwa pauni kwayo, si kabla ya tarehe hiyo wala baada yake. Mwaka wenye mshtuko wa namna hii ukate vipande viwili.

Chanzo cha kwanza kiwe benki kuu ya mojawapo ya nchi mbili zenye sarafu unazobadilisha. Ikikosekana, Benki Kuu ya Ulaya ina viwango vya euro vya kila siku ya kazi kuanzia Januari 4, 1999, na benki kuu ya Marekani ina vya dola kwa sarafu kubwa kuanzia 1971. Usichanganye vyanzo ndani ya hesabu moja. Cha Ulaya hupimwa mchana saa za Ulaya, cha Marekani hupimwa saa sita mchana New York, na katikati hapo soko limeshasogea. Angalia pia kama ni bei ya kununua, ya kuuza au ya katikati. Kwa historia chukua ya katikati, ila kama unahakiki risiti, tumia ile aliyotozwa mteja.

Sasa mwelekeo, ambapo ndipo makosa mengi hutokea. Pauni na euro huandikwa kwa kawaida kama dola ngapi kwa pauni au euro moja. Sarafu nyingi nyingine huandikwa kinyume, yaani kiasi gani kwa dola moja. Jedwali la Marekani huchanganya namna zote mbili na kutofautisha kwa alama ya nyota tu. Kabla ya kuzidisha, andika sentensi kamili: “1 ya hii = kiasi fulani cha ile.”

Sarafu mbili ndogo mara chache huwa na kiwango chao wenyewe, hivyo pitia ya tatu. Ikiwa siku moja sarafu A ni 2,500 kwa dola na B ni 125 kwa dola, gawanya 2,500 kwa 125: B moja ni A 20. Tarehe ziwe sawa na chanzo kiwe kimoja. Kwa sarafu zilizomezwa na euro kuna kanuni kali zaidi: mark ya Ujerumani ilifungwa kwenye 1.95583 kwa euro na faranga ya Ufaransa kwenye 6.55957. Kutoka mark kwenda faranga unagawanya kwanza kwa 1.95583, unabakiza angalau desimali tatu, ndipo unazidisha kwa 6.55957. Kufupisha kiwango chenyewe hakuruhusiwi.

Kisha chunguza sifuri ambazo nchi imezifuta kwenye fedha yake. Uturuki iliondoa sita Januari 1, 2005, Msumbiji tatu Julai 2006, Ghana nne Julai 2007, Zambia tatu Januari 2013. Msimbo wa sarafu wa herufi tatu hubadilika pia: Zambia ilitoka ZMK ikawa ZMW, Uturuki ikatoka TRL ikawa TRY. Tovuti nyingine hurekebisha miaka ya nyuma iendane na noti mpya, nyingine haziigusi. Ukiona mstari wa grafu umeporomoka mara 1,000 usiku mmoja, usidhani uchumi ulianguka. Tazama msimbo kwanza.

Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazina kiwango. Chukua cha siku ya kazi iliyotangulia, daima hivyo, na usijaze pengo kwa kukisia katikati ya Ijumaa na Jumatatu. Nchi iliyokuwa na udhibiti mkali wa fedha za kigeni huwa na bei mbili, ya benki na ya mtaani, kwa hiyo taja wazi umetumia ipi.

Mtego mmoja huwapita hata wahasibu: wastani haugeuzwi (kugeuza ni kugawanya 1 kwa kiwango). Miezi miwili ikiwa na 100 na 150 kwa dola, wastani ni 125, na ukiugeuza unapata 0.008. Lakini ukigeuza kila mwezi peke yake (0.01 na 0.00667) halafu ukatafuta wastani, unapata 0.00833. Tofauti ni zaidi ya asilimia nne. Geuza kwanza kiwango cha kila siku au mwezi, wastani baadaye.

Ukipakua faili, hakikisha Excel haijasoma koma ya desimali kama koma ya maelfu, kwani 1,234 yaweza kuwa moja na ushee. Pembeni mwa kila namba andika tarehe, chanzo, aina ya bei na mwelekeo, na faili asili uiache bila kuihariri.