Jinsi ya kufaidi labu za IBM MQ ukienda kongamano

Wengi wakienda kongamano la MQ (programu ya IBM ya kupitisha meseji kati ya mifumo kwa kuziweka kwenye foleni), mfano MQTC ya Sandusky kule Ohio, Marekani, wanajaza ratiba na mada za kusikiliza, labu, yaani vipindi vya mazoezi kwa vitendo, wanaiachia saa ya mwisho wakiwa wamechoka. Mimi naona ni kinyume kabisa, slaidi utazisoma hata nyumbani, ila fundi wa kusimama pembeni yako akiangalia unachochapa humpati kirahisi.

Anza kabla hujapanda ndege. Weka Docker (programu ya kuendesha mifumo ndani ya kontena) kwenye laptop, vuta MQ yenyewe kutoka icr.io/ibm-messaging/mq, iwashe na LICENSE=accept na MQ_QMGR_NAME=QM1 (QM1 ni jina la queue manager, yaani QM, inayoshika foleni), fungua poti 1414 ya programu na 9443 ya konsoli. Zoeza vidole runmqsc (ya kutoa amri kwa QM), amqsput (ya kuweka meseji) na amqsget (ya kuzisoma), maana ukifika hujui hata kuweka meseji kwenye foleni basi muda wote utaliwa na ukurasa wa kwanza.

Ukiwa ndani, fuata maelekezo mara moja mpaka mwisho, halafu rudi uharibu makusudi, hapo ndipo utamu ulipo. Ndani ya runmqsc andika DEFINE QLOCAL(malipo), toka, jaribu amqsput malipo QM1. Itakutemea 2085, yaani foleni yenye jina hilo haipo, na wewe umeitengeneza sasa hivi kwa mkono wako! Kumbe runmqsc imeigeuza ikawa MALIPO. Ukitaka herufi ndogo zibaki inabidi uandike 'malipo' na alama za nukuu.

Nyingine ninayoipenda sana: weka meseji tatu kwenye hiyo MALIPO, zima QM1 kwa endmqm, washa kwa strmqm, kisha zisome. Hamna kitu. Foleni usipoiambia chochote inakuja na DEFPSIST(NO), yaani meseji zake si za kudumu, kwa hiyo meseji za namna hiyo zinapotea QM ikizimwa. Fanya ALTER QLOCAL(MALIPO) DEFPSIST(YES), rudia zoezi lote, utazikuta zinakusubiri. Kama kazini unapitisha hela za watu, tafadhali lione hili kwa macho yako ukiwa labu, siyo usiku ambao seva imeanguka na simu zinaita.

Halafu 2035, kosa la kukosa ruhusa. Unganisha kama klaenti, yaani programu inayoifikia QM kwa mtandao kupitia chaneli, ukitumia yuza mwenye haki za admin, utakataliwa, na klaenti haiambiwi kwa nini. Watu wengi wanakimbilia kuzima CHLAUTH, kanuni za nani apite kwenye chaneli, usifanye hivyo hata kwa mazoezi, utazoea. Sababu iko upande wa seva, fungua /var/mqm/qmgrs/QM1/errors/AMQERR01.LOG, shuka chini kabisa, ukikuta AMQ9776 ujue chaneli imemzuia huyo yuza, na tangu toleo la 7.1 ndivyo maadmin wanavyozuiwa kupitia chaneli za klaenti. Tengeneza yuza wa kawaida, mpe ruhusa ya foleni moja tu, jaribu tena.

Ukikwama dakika kumi nyoosha mkono, usione aibu. Mara nyingine anayesimamia anatoka Hursley, Uingereza, MQ inakotengenezwa, huyo muulize ile shida halisi ya kazini kwenu, iandike kabla hujasafiri usije ukaisahau.

Kabla hujanyanyuka kwenye kiti, piga dmpmqcfg -m QM1 -a > labu.mqsc, inayonakili mipangilio ya QM1 kwenye faili, na ujitumie hilo faili, maana mashine ya labu siyo yako.