Umenunua nyumba Arusha au Moshi na una likizo ya wiki tatu: anza na maji

Ukishakabidhiwa funguo za nyumba ya Njiro, Moshono, Soweto au Rau, mikono inawasha. Huko uliko, Leicester au Minneapolis, fundi ni ghali, kwa hiyo umejifunza kupaka rangi, kufunga shelfu na kubadilisha koki mwenyewe. Ujuzi huo ni mali, na nyumba yako ya nyumbani itaufurahia. Ila usinunue rangi wiki ya kwanza. Fuata maji kwanza: yanaingilia wapi, yanatokea wapi, yanasimama wapi. Rangi inayobanduka, siling bodi yenye madoa, fremu ya mlango iliyooza na hata mchwa, mara nyingi chanzo chake ni maji yaliyokosa njia.

Kabla hujapanda ndege

Wengi wetu tunakuja Desemba, na Desemba ndiyo mwezi mgumu kupata fundi, hasa upande wa Moshi. Wachaga wanarudi migombani, wajenzi nao wana nyumba zao za kumalizia, na kuanzia wiki ya Krismasi kazi inasimama. Januari na Februari ni kavu na joto, miezi mizuri ya paa na rangi. Juni na Julai Arusha ni baridi, asubuhi ina manyunyu, rangi inachelewa kukauka. Masika, Machi hadi Mei, si msimu wa kazi ya nje, ila ndiyo msimu ambao nyumba inasema ukweli. Kama huwezi kuwepo, mwombe ndugu aende mvua ikiwa inanyesha, apige video ya kila chumba, dari na kona zake, kisha azunguke nje aonyeshe maji yanakoelekea. Video hiyo itakufaa kuliko picha zote za dalali.

Kuhusu vifaa: umeme wetu ni volti 230, hezi 50, na soketi ni za pini tatu kama za Uingereza. Drili ya waya kutoka Marekani imetengenezwa kwa volti 120, itaungua usipoipitisha kwenye transfoma. Chaja ya drili ya betri isome vizuri. Ikiandikwa 100–240V haina shida. Betri za akiba zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini. Mpaka Wh 100 (wati-saa, yaani volti mara Ah) kwa kawaida hazihitaji ruhusa ya shirika la ndege, na betri ya volti 18 yenye Ah 5 ni Wh 90.

Usibebe koki za Marekani. Uzi wao wa bomba na wetu haufanani. Kinachodanganya ni kwamba kwenye bomba la nusu inchi nyuzi zote mbili zina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo koki inaingia mizunguko kadhaa, unafurahi, halafu inavuja taratibu ndani ya ukuta. Koki nunua hapa hapa.

Siku za kwanza: chunguza tu

Nunua umeme wa LUKU. Usishangae uniti zikija chache: kodi ya jengo inakatwa humo tangu 2021, na nyumba iliyokaa tupu inaweza kuwa na miezi mingi ya deni.

Halafu, tanki likishajaa, funga koki zote, nenda kwenye mita ya maji, ya AUWSA kama uko Arusha au MUWSA kama uko Moshi, uitazame. Ikiendelea kuzunguka, funga valvu inayoingiza maji kwenye tanki. Ikisimama, boya la tanki limechoka, au kuna kinachovuja kati ya tanki na nyumba. Isiposimama, bomba la ardhini limetoboka. Kwenye choo, tia rangi ya chakula ndani ya tangi lake, ngoja nusu saa bila kuvuta. Bakuli likipata rangi, raba ya ndani inavujisha. Hiyo ni kazi ya bei ndogo unayoiweza kabisa.

Nyufa zitazame kwa utulivu. Vile vidogo kama nywele, vilivyosambaa kama utando, kwa kawaida ni lipu iliyokauka haraka. Ufa unaokatiza mshazari kutoka kona ya dirisha, au unaopita ukuta mzima ndani mpaka nje, ni habari nyingine. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe na upana, piga picha. Palipo na udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kunywea kwa kiangazi, ufa utafunguka na kufumba kwa misimu, na hakuna puti itakayoushinda. Hapo mwite mhandisi kabla ya mpaka rangi.

Paa lipande asubuhi mapema, kabla bati halijawaka, na ukanyage kwenye mistari ya misumari, maana chini yake ndipo papi, mbao zinazobeba bati, zilipo. Mara nyingi panapovuja ni kwenye raba za misumari zilizokauka. Lakini kama nyumba ni ya zamani na paa ni la kijivu, zito, la mawimbi makubwa, linaweza kuwa la asbesto. Usilitoboe, usilikate, usilisugue. Vumbi lake linaua taratibu, na hilo si paa la kujaribia ufundi.

Ukuta unaobanduka chini

Hili ndilo nitakalokaa nalo, kwa sababu karibu kila nyumba inalo na ndipo pesa nyingi zinapotea. Unakuta mita moja ya chini imevimba, rangi inatoka kwa kucha, na nyuma yake kuna unga mweupe. Huo ni chumvi iliyoletwa na maji. Jirani atakushauri upake rangi ya mafuta ili matope yaoshwe kwa urahisi. Ukuta ukiwa na unyevu, rangi ya mafuta inaufungia ndani, na msimu ujao inatoka kwa mabamba.

Toka nje kwanza. Je, paa lina gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya mvua? Bila gata, maji yanaanguka chini na kurusha matope ukutani kila mvua. Je, bustani imerundikwa mpaka juu ya usawa wa sakafu ya ndani? Chukua jembe na koleo, ushushe udongo mpaka uwe sentimita 15 hivi chini ya sakafu. Ni kazi ya jasho, haina gharama, na faida yake ni kubwa. Kisha zungushia zege lenye mteremko wa kupeleka maji mbali na ukuta, na gata zimwage kwenye mtaro au kwenye tanki.

Baada ya hapo ndipo uingie ndani. Bandua lipu iliyooza mpaka upite alama ya unyevu kwa sentimita 30. Chumvi iondoe kwa brashi kavu, usiioshe, maji yatairudisha ukutani. Acha ukuta upumue, piga lipu mpya, uimwagilie siku saba, halafu ngoja kama wiki nne ndipo upake rangi ya maji.

Hesabu mwenyewe: kwa likizo ya wiki tatu huwezi kupiga lipu na kupaka rangi safari moja. Ama fundi atangulie mwezi mmoja kabla hujafika, ama rangi isubiri safari ijayo. Ukilazimisha, utakuwa umelipia kazi mara mbili.

Mahali pa kutoweka mkono wako

Kubadilisha taa ni sawa, baada ya kuzima meinswichi na kuhakikisha kwa tesita. Kuvuta waya mpya, hapana. Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na jambo la kwanza apime ethi, waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Nasema hivi kwa sababu ya hita za kuogea. Arusha ina baridi, kila mtu anataka moja, na hita ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24. Ikiunganishwa kwenye waya wa soketi ya kawaida, waya unachemka ndani ya ukuta. Ikikosa ethi, anayeoga anasimama kwenye maji akiwa ameshika kifo. Dai hita iwe na njia yake ya umeme, breka yake na waya mnene.

Maji ya kunywa nayo yatazame. Maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na kuchemsha hakuiondoi. Jagi la kawaida la kuchujia maji kwa mkaa halitoshi. Tafuta chujio la osmosisi ya kinyume (RO) au la mkaa wa mifupa, hasa kama wazazi na watoto watakaa hapo.

Kwa mafundi, pendekezo langu ni hili: materio nunua mwenyewe, fundi umlipe pesa ya ufundi, nawe uwe saidia fundi wake. Koroga zege, shika ngazi, uliza. Piga picha mabomba na nyaya kabla havijafunikwa na lipu, ukiweka futi kamba ukutani ili vipimo vionekane. Usipandishe sauti mbele ya vijana wake, ukiwa na neno, mvute pembeni, "fundi, hapa naomba turudie."

Siku ya kuondoka funga valvu kuu, zima breka ya hita, na rangi iliyobaki ifunike vizuri, namba yake uiandike kwenye mfuniko kwa kalamu isiyofutika. Atakayebaki na funguo akihitaji kuziba doa, dukani wataomba namba hiyo.