Vitunguu vyekundu nyuma ya nyumba, Nairobi

Anza na mbegu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Nairobi iko karibu na ikweta, na mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Mbegu za Ulaya zinazohitaji mchana mrefu zitakupa majani matupu. Nunua Red Creole au Bombay Red.

Sia kitaluni mwezi wa Aprili, kina cha sentimita 1, ili uvune karibu na Septemba kabla ya mvua za vuli. Baada ya wiki 6 hadi 8, mche ukifikia unene wa penseli, uhamishe.

Udongo mweusi wa upande wa Embakasi hutuamisha maji na kuozesha mizizi. Inua tuta sentimita 20, changanya samadi iliyooza kabisa, kisha acha sentimita 10 kati ya miche na 25 kati ya mistari. Zika mizizi tu. Shingo ikifukiwa, kitunguu hakitanuki vizuri.

Kila wiki panua majani ya katikati uchungulie. Michirizi ya rangi ya fedha ni kazi ya thripsi, vijidudu vyembamba vya manjano vinavyojificha humo. Nyunyizia maji ya sabuni hafifu jioni, yafike ndani kabisa.

Mbolea ya CAN, ile ya nitrojeni, weka mapema. Ukiiweka kitunguu kinapotanuka, shingo hunenepa, haikauki, na kitunguu huoza ghalani.

Nusu ya majani ikilala, acha kumwagilia. Ng'oa baada ya wiki moja au mbili, anika kivulini penye upepo siku 10, ndipo ukate shingo ukiacha sentimita 3.