Watunzi wa Klasiki kwa Watoto wa Mombasa: Sikio Kwanza, Jina Baadaye

Mwalimu anayeanza somo la Bach kwa kusoma tarehe za kuzaliwa na kufa hupoteza darasa kabla ya noti ya kwanza. Mtoto wa miaka 7 hadi 10 hushika jina la mtunzi akishaipenda lahani yake. Tenga dakika 10 za kila kipindi, mtunzi mmoja kwa wiki tatu, na kipande kisichozidi dakika mbili.

Kipige mara tatu. Mara ya kwanza usitaje jina. Uliza swali moja tu: ni ala gani inayosikika? Mara ya pili wainue mikono kila lahani ya mwanzo inaporudi. Ya tatu ndipo utaje mtunzi, mji na mwaka. Ukirundika maswali, watoto huacha kusikiliza na kuanza kubahatisha.

Kipande kizuri cha kuanzia ni sehemu ya pili ya Simfoni ya 94 ya Haydn. Lahani nyepesi hupita taratibu, hurudiwa kwa sauti ya chini zaidi, kisha okestra nzima hupiga kishindo kimoja. Hapo wengi huharibu: mwanzo hausikiki vizuri, mwalimu anaongeza sauti, na kishindo kinawaumiza masikio walioketi mbele. Pima sauti ya spika kwa kile kishindo kwanza, kisha usiiguse tena. Zima feni kwa hizo dakika mbili hata kwenye joto la Februari, maana mvumo wake hufunika kabisa pale palipo pa chini. Spika ya simu peke yake haifai: sauti nzito za selo na besi hupotea, na mtoto hudhani okestra ni fidla tupu.

Fidla yenyewe ina njia yake Mombasa. Mtoto aliyehudhuria harusi yenye taarab ameshaisikia pamoja na udi na kanuni, ala ya nyuzi nyingi. Mwambie Vivaldi aliiandikia ala hiyo hiyo "Majira Manne", yaliyochapishwa Amsterdam mwaka 1725. Usianze na majira ya baridi. Anayejua kaskazi na kusi hana theluji ya kukumbuka. Anza na sehemu ya mwisho ya kiangazi, yenye tufani. Mvua ya masika inayopiga mabati anaijua vyema.

Kwa historia, chukua kamba ya mita 4 na nusu, kila sentimita iwe mwaka mmoja, kuanzia 1590. Ujenzi wa Fort Jesus ulianza 1593: bana kadi kwenye sentimita ya 3. Opera ya Orfeo ya Monteverdi, 1607, iwe ya 17. Kuzaliwa kwa Bach na Handel, 1685, ya 95. Waomani kuitwaa ngome, 1698, ya 108. Hapa simama kidogo: Bach alikuwa na miaka 13, rika la wanafunzi wa madarasa ya juu shuleni. Endelea na Simfoni ya Tano ya Beethoven iliyopigwa Vienna 1808, reli kuanza kujengwa kutoka Mombasa 1896, na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, kurekodi Bombay 1928. Pigilia msumari kila nusu mita, la sivyo kamba hulegea katikati. Kadi za kati ya 1785 na 1830 hubanana. Nyingine zining'inize kwa uzi mrefu. Karatasi ya manila ya kadi hujikunja kwa unyevu wa bahari, basi ifunike kwa selotepu pana pande zote mbili.

Kisha wapige wenyewe. Lahani ya furaha ya Simfoni ya Tisa, 1824, inatosha noti tano za rekoda, ile filimbi ya shuleni: so, la, ti, do, re. Fundisha mistari miwili ya kwanza pekee. Wa tatu una noti ya chini inayotaka vidole vizibe matundu sawasawa, na wa nne huanza pigo moja mapema. Huko ndiko darasa zima huachana.

Angalia pia vitabu vya zamani vinavyompa Bach ile Minueti ya So kubwa. Imo katika daftari la mkewe Anna Magdalena la 1725, lakini mtunzi ni Christian Petzold. Wanafunzi walisahihishe jina kwa penseli, na kadi ya Petzold, aliyezaliwa 1677, ibanwe sentimita 8 kabla ya Bach.