Jinsi ya kuongea na kijana wako kuhusu ngono bila kuishia kwenye "ole wako"

Wazazi wengi tuna sentensi moja tu, "ole wako uniletee mimba humu ndani", tukishaisema tunajiona tumemaliza malezi, na mtoto wa kiume hata hiyo hapewi. Mimi niseme mapema kabisa ni mtu wa kuwaambia wasubiri, ila kusubiri kunafundishwa jamani, hakuamrishwi.

Anza kabla binti hajavunja ungo na kabla wa kiume hajaanza kuota zile ndoto. Zamani kazi hii ilikuwa ya bibi, somo, kungwi, mambo ya jando na unyago, na sio yote ya kutupa, ila kuna unyago mtoto wa darasa la sita anatoka kafundishwa kumhudumia mume huku siku zake za kushika mimba hazijui, sasa hapo tumemsaidia nini? Kitu cha kuchukua huko ni mtu maalum wa kumuuliza. Kama wewe baba unaona aibu kuongea na binti yako, tafuta shangazi au mama mdogo mnayemwamini, mwambie mtoto wazi "ukikwama muulize shangazi, hatakuja kunisimulia", na shangazi naye kweli asisimulie, akisimulia mara moja tu mlango umefungwa.

Usimkalishe kikao. Ongea mkiwa na kazi mikononi, mnachambua mchele, unamsuka, mnafua, yaani macho yana pa kwenda. Akiuliza jibu alichouliza, usimgeuzie kesi ya "nani kakwambia hayo".

Sasa cha kumwambia. Kati ya mwaka 2003 na 2004 huko magharibi mwa Kenya watafiti walijaribu njia mbili kwenye shule za msingi. Ya kwanza walimu walipewa mafunzo ya mtaala wa UKIMWI wa serikali, ule wa subiri mpaka ndoa. Ya pili ilikuwa kipindi kimoja tu cha dakika 40 kwa darasa la nane, wakaonyeshwa video fupi ya binti na mwanaume mtu mzima halafu wakaandikiwa ubaoni maambukizi ya VVU ya Kisumu kwa umri, wakaona wenyewe wanaume wakubwa wameathirika kiasi gani ukilinganisha na wavulana wa rika lao. Ndani ya mwaka mimba kwa wasichana waliopata kile kipindi zilipungua kwa asilimia 28, mafunzo ya mtaala kwa upande wa mimba hayakubadilisha kitu. Wale mabinti hawakutishwa na mtu, walipewa habari ambayo hawakuwa nayo.

Kwahiyo usiishie kwenye "acha wanaume", mwambie ni wanaume gani na wanakujaje. Fataki, yaani mwanaume mtu mzima anayewinda mabinti wadogo, haji na pembe kichwani, anakuja na lifti ya boda ya bure, chipsi mayai, vocha ya bando, simu ya zawadi. Fanyeni mazoezi ya majibu, wewe jifanye yule kaka wa boda sema "panda bana nakupeleka, si unaenda shule", binti ajibu kwa mdomo wake mpaka atoe kitu kama "asante kaka, nimezoea kutembea" bila kucheka wala kuinama. Mara ya kwanza mtaangua kicheko wote, endeleeni tu. Na lile la "kama unanipenda kweli" awe na jibu lake kabla halijaja.

Kondomu mwambie pia. Najua wengine hapa mnaguna, lakini kumwambia sio kumtuma, aijue tarehe ya kuisha muda iko wapi, ajue P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, humezwa mapema ndani ya saa 72 baada ya tendo na haizuii VVU hata kidogo, maana wenzake shuleni wanadanganyana kuwa inazuia kila kitu.

Wa kiume naye asiachwe. Aambiwe hapana ni hapana, kimya sio ndiyo, na kwa Tanzania ukimpa mimba mwanafunzi sheria inasema miaka 30 jela. Mwambie pia wanaojisifu kijiweni wengi wao waongo.

Akija kukuambia yameshatokea, meza hasira kwanza. Kama amelazimishwa asioge, nguo zisifuliwe, nendeni hospitali siku hiyohiyo kwa sababu dawa za kuzuia VVU zina mwisho wa saa 72, na PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, ishughulikiwe bila kuchelewesha matibabu. Namba 116 ni ya watoto, bure, inafanya kazi Tanzania na Kenya, aikariri kichwani maana simu yenyewe anaweza kunyang'anywa. Kama ni mimba, Tanzania tangu Novemba 2021 binti anaruhusiwa kurudi shule akishajifungua, kwahiyo kaongee na mwalimu mkuu mapema, na vitabu vyake msimpe mtu.