Usilibandue: namna ya kulikagua kava la bucha

Kava la bucha ni kava la santuri ya Beatles lenye picha iliyofichwa chini ya nyingine, na la kwanza nililolipata nililiua mwenyewe. Nililinunua dola nane kwa jirani aliyekuwa akiuza vitu vyake vya zamani, hapa Minneapolis, nikalishikilia juu ya mvuke wa birika, nikavuta. Picha ya juu ikatoka, na ya chini ikaifuata vipande vipande. Nikabaki na kadibodi.

Santuri yenyewe ni Yesterday and Today ya Beatles, bendi ya vijana wanne wa Uingereza, iliyotolewa Marekani na kampuni ya Capitol, Juni 1966. Robert Whitaker aliwapiga picha wale vijana wanne wamevaa makoti meupe ya wauza nyama wa bucha, wamejaziwa minofu mibichi na wanasesere waliong'olewa vichwa. Nakala za mwanzo zilipowafikia watangazaji wa redio na wenye maduka, kelele zikawa nyingi, kampuni ikaziita zirudi. Lakini makava kama 750,000 yalikuwa yameshachapwa! Kuyatupa yote ni hasara, basi mengi yakabandikwa picha nyingine juu: walewale wanne na sanduku kubwa la safari. Udhibiti wa gundi, na gundi yenyewe ya harakaharaka.

Sasa, ukikutana na kava la sanduku, santuri iliyomo isikubabaishe, santuri huhamishwa kutoka kava moja hadi jingine. Lipeleke kava dirishani mchana, liinamishe taratibu ili mwanga ulipige kwa ubavu. Tazama kulia kwa sanduku, karibu na katikati ya kimo cha kava, penye weupe mtupu. Unatafuta V nyeusi, hafifu kama doa la chai lililofuliwa mara mbili. Hiyo ni shingo ya sweta ya Ringo, mmoja wa wale wanne, inachungulia kutoka kwenye picha ya chini. Ukiiona, liweke chini kwanza, kanawe mikono.

Halafu soma namba ya kava. T 2553 ni mono, sauti ya mkondo mmoja. ST 2553 ni stirio, sauti ya mikondo miwili, na hizo ni adimu zaidi.

Birika liache jikoni. Wakusanyaji wana madaraja matatu: lisilowahi kubandikwa, lililobandikwa na bado halijabanduliwa, na lililobanduliwa. La kati haliwezi kurudi likishapita mkononi mwa fundi wa kujitia kama mimi. Livike mfuko wa plastiki, lisimamishe wima, mbali na jua.

Langu la pili bado lina sanduku lake. Wageni wakiuliza nyama iko wapi, nawapeleka dirishani.